Shaha Aliyetufikia kwa Njia Mbili

Tafsiri hulipwa kwa idadi ya maneno, na neno fupi lina bei moja na neno refu. Ndiyo maana sikunung'unika nilipoletewa maelekezo ya hoteli moja ya pwani, kurasa chache za wageni na wafanyakazi, nikakuta neno "check" limetapakaa humo kama mchwa. Mgeni akifika ana-check in, akiondoka ana-check out. Mhudumu a-check friji kuona kama kuna soda iliyonywewa. Mlinzi a-check mizigo. Mgeni wa Kimarekani akishashiba huomba check, na akipenda anaweza kulipa kwa check. Shuka za vitanda vya watoto ziwe za check. Mwishowe msimamizi aweke check mbele ya kila kazi iliyokamilika.

Kwa Kiswahili niliandika kupokelewa, kuondoka, kukagua, kupekua, bili, hundi, miraba na alama ya vema. Neno moja limezaa manane, na hakuna hata mawili kati ya hayo manane yanayofanana.

Kwa kawaida nikikutana na neno la namna hii hudhani ni maneno mbalimbali yaliyogongana njiani yakatoka na sura moja. Sisi tunayo kibao. Kaa wa baharini, kaa la moto na kukaa kitako hawana undugu wowote, wanafanana majina tu. "Check" nayo niliiwekea dhana hiyo hiyo, nikafungua kamusi za asili ya maneno nikitarajia kukuta mizizi mitatu minne. Kumbe ni mzizi mmoja. Bili ya mgahawa, hundi ya benki, miraba ya shuka na upekuzi wa mlinzi vyote ni watoto wa baba mmoja, na baba huyo ni mfalme wa Uajemi.

Inabidi tuanzie mashariki zaidi kidogo, India. Huko kulikuwa na mchezo wa vita ulioitwa chaturanga, jina la Kisanskriti lenye maana ya viungo vinne, yaani vikosi vinne vya jeshi la wakati ule: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Mchezo ukaingia Uajemi zama za Wasasani, karibu na karne ya 6, jina likawa chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 waliupenda mchezo huo, na kwa kuwa Kiarabu chao hakikuwa na "ch", wakauita shatranj. Hapo ndipo ilipotoka sataranji yetu, yaani chess. Baghdad ya Waabbasi ilikuwa na mabingwa walioishi kwa mchezo huu na kuuandikia vitabu. Maarufu kuliko wote ni as-Suli, aliyecheza mbele ya khalifa al-Muktafi mwanzoni mwa karne ya 10.

Sasa, katika sataranji huruhusiwi kumvizia mfalme wa mwenzako kimyakimya. Adabu ya mchezo ilitaka umwonye. Ukishamwelekezea silaha unasema "Shah!", yaani, mwangalie mfalme wako. Na akibanwa kila upande, asipate pa kukimbilia wala wa kumkinga, unasema "Shah mat!", mchezo umekwisha.

Hiyo "mat" imewagombanisha wengi. Mswahili akiisikia anafikiria mauti, maiti, mayiti, na Waarabu nao waliisikia hivyo hivyo: mfalme amekufa. Lakini Kiajemi kina "mat" yake, yenye maana ya kuduwaa, kushindwa, kubaki huna la kufanya. Mimi nawaunga mkono wanaoishikilia tafsiri ya Kiajemi, na sababu yangu ni mchezo wenyewe. Katika sataranji kila kete huuawa isipokuwa mfalme. Yeye hatolewi ubaoni hata mara moja; anabanwa tu, kisha mnakubaliana kwamba yamekwisha. Mfalme aliyeduwaa ndiye tunayemwona pale, akiwa mzima kabisa.

(Yule "mate" wa Kiingereza mwenye maana ya rafiki hahusiki hapa. Asili yake ni ya Kijerumani cha kale, mtu unayekula naye meza moja. Na Wacheki wa Ulaya pia tuwaache kwao, jina lao ni la Kislavoni.)

Wazungu waliupokea mchezo kupitia Andalus, yaani Hispania ya Waislamu, na Sisilia, karibu na mwaka 1000. Kilatini cha wakati ule kikamgeuza shah kuwa scaccus, Kifaransa cha kale kikasema eschec. Wingi wake ulikuwa esches, nao ndio ulioingia Uingereza ukawa "chess". Kwa hiyo Mwingereza anaposema anacheza chess, kwa asili ya neno anasema anacheza wafalme. Umoja wake, eschec, ukawa "check", na ile "eschec mat" ikawa "checkmate".

Kete nyingine zilikuwa na visa vyao. Tembo alisafiri na jina lake la Kiarabu, al-fil, na Mhispania mpaka leo humwita alfil bila kujali kwamba kwenye ubao wake hakuna tembo. Aliyepitia chuoni akaifikia Alam tara kayfa hahitaji mkalimani hapo. Waingereza wamemfanya askofu. Mshauri wa mfalme, ambaye Waajemi walimwita farzin na Waarabu firzan, alibadilishwa jinsia Ulaya akawa malkia. Kama kuna uhamisho wa kikazi wa ajabu zaidi ya huo katika historia ya maneno, sijaukuta.

Na hapa niseme jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Huyu shah alikwishafika kwetu zamani, kwa njia nyingine. Fungua kamusi ya Kiswahili utamkuta: shaha, mfalme katika sataranji, na pia mkuu wa washairi. Malenga wakimtambua mmoja wao kuwa ndiye mwenye neno la mwisho humwita shaha. Huyo alikuja na pepo za kaskazi, pamoja na bandari, dirisha na nairuzi, maneno ya Kiajemi tuliyokwisha kuyasahau ugeni wake. Ndugu yake alizunguka kwa Waarabu wa Andalus, kwa Wafaransa, kwa Waingereza, akashuka kwetu mamia ya miaka baadaye akijiita "cheki". Wawili hawa wanakaa katika lugha moja na hawasalimiani.

Turudi Uingereza. Neno lilipoingia huko lilikuwa ni onyo la mchezo tu, lakini halikukaa ubaoni muda mrefu. Karibu na mwaka 1370, Geoffrey Chaucer alitunga shairi ambamo shujaa aliyevaa nguo nyeusi anaomboleza mkewe. Anasema Bahati alicheza naye sataranji, akamnyang'anya fers wake, kisha akamwambia check na mate. Huyo fers ni malkia, na jina hilo ni farzin wa Waajemi aliyechakaa safarini. Ukitazama shairi hilo unaona neno likitoka mchezoni kuingia maishani: check ni kitu kinachokusimamisha ghafla, ulikuwa unakwenda, sasa huendi.

Kutoka kwenye kusimamishwa ghafla ni hatua fupi kufika kwenye kuzuiwa, na kutoka kuzuiwa kufika kudhibitiwa. Maana hii ndiyo inayokaa ndani ya "checks and balances", msemo ambao kila mwanafunzi wa uraia amewahi kuukariri: bunge limzuie rais, rais alizuie bunge, mahakama iwazuie wote wawili. Wamarekani waliandika katiba yao mwaka 1787 baada ya kumkataa mfalme wa Uingereza, na chombo walichokisifia kuliko vyote, cha kumzuia mtawala asigeuke mfalme, kinaitwa kwa neno ambalo asili yake ni "mfalme". Sidhani kama kuna aliyewaambia.

Lakini tawi lililonipa raha zaidi ni la fedha, na hili linapitia kwenye kitambaa.

Mwanzoni mwa karne ya 12, chini ya mfalme Henry I, serikali ya Uingereza ilikuwa na tatizo la kukagua kodi. Kila kaunti ilikuwa na sherifu aliyekusanya mapato ya mfalme, naye alitakiwa kufika mbele ya wakuu wa hazina mara mbili kwa mwaka, Pasaka na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwezi Septemba, aeleze alichokusanya, alichotumia na alichobakiwa nacho. Hesabu zilikuwa za peni, shilingi na pauni, peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni. Tarakimu zilikuwa za Kirumi. Yeyote anayedhani hilo ni jambo dogo achukue kalamu ajumlishe MCXLVII na DCCCLXXXVIII kwa kuzipanga juu na chini kama tulivyofundishwa darasa la pili. Haziingiliani. Sifuri ya Wahindi, ambayo Waarabu walikuwa nayo zamani, ilikuwa bado haijaingia katika ofisi za Uingereza.

Suluhisho lao lilikuwa meza. Richard FitzNigel, aliyekuwa mweka hazina, aliieleza katika kitabu alichokiandika katika miaka ya 1170 kwa mtindo wa mwanafunzi kuuliza na mwalimu kujibu. Meza ilikuwa na urefu wa futi 10 hivi na upana wa futi 5, imezungushiwa ukingo wa vidole vinne ili kilichowekwa juu yake kisidondoke. Ilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, kipya kila mwaka, kinunuliwe wakati wa Pasaka. Mistari iligawa safu: hapa peni, hapa shilingi, hapa pauni, kisha ishirini za pauni, mamia, maelfu. Karani alisogeza kete juu ya kitambaa kila kiasi kilipotajwa. Deni la sherifu likapangwa upande mmoja, alicholeta upande mwingine, kete zikatolewa kwa kete mpaka ubishi ukaisha. Hata sherifu asiyejua kusoma aliweza kuona kwa macho yake anadaiwa nini, wala hakuna aliyeweza kumchezea hesabu mbele ya watu wote waliozunguka meza.

FitzNigel anaulizwa na mwanafunzi wake, kwa nini mahakama hii ya hesabu inaitwa scaccarium? Kwa Kilatini hilo ni neno la ubao wa sataranji. Anajibu kwamba kitambaa kinafanana na ubao huo, lakini kuna sababu nyingine: kama ilivyo sataranji, hapa pia kuna vita, na wanaopigana ni wawili, mweka hazina na sherifu, na wengine wamekaa kutazama na kuamua. Napenda sana jibu hilo. Ni la mtu aliyeketi mezani pale miaka mingi akaona watu wazima wakitokwa jasho kwa ajili ya kete.

Scaccarium ikawa eschequier kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza "exchequer". Waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa hivyo hadi leo, Chancellor of the Exchequer, mkuu wa kitambaa cha miraba ambacho hakipo tena. Nyumba ya mapumziko ya waziri mkuu wao, Chequers, ina jina linalohusishwa na mtumishi wa hazina hiyo aliyemiliki ardhi pale karne ya 12. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi nayo hayachoki kuandika exchequer imetoa kiasi gani kwa kaunti zipi. Kaunti, hazina, mvutano wa nani kapewa nini: FitzNigel angeweza kusoma habari hizo bila kuelezwa sana.

Risiti za meza ile zilikuwa vijiti. Kijiti kilichongwa mikato ya kuonyesha kiasi, kisha kikapasuliwa katikati kwa urefu, kila upande ukachukua nusu yake. Nusu mbili zikikutanishwa mikato ililingana au haikulingana, hapakuwa na mjadala. Vijiti hivyo vilidumu mpaka karne ya 19. Vilipoachwa vikabaki marundo, na tarehe 16 Oktoba 1834 wafanyakazi walivichoma katika matanuri yaliyokuwa chini ya ukumbi wa mabwana, House of Lords, bungeni. Moto ukazidi, na jioni ile Bunge la Uingereza likateketea. Hesabu za miaka mingi ziliondoka na jengo lililozipitisha.

Wazo la nusu mbili zinazolingana ndilo linalotuleta kwenye hundi. Mwanzoni mwa karne ya 18, "check" katika benki za Uingereza ilikuwa jina la kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni baada ya karatasi kuchanwa. Kazi yake ilikuwa kuzuia udanganyifu: karatasi ikiletwa, inalinganishwa na kishina chake. Polepole jina likahama kutoka kwenye kishina kwenda kwenye karatasi yenyewe. Halafu Waingereza, kwa kuiga sura ya exchequer, wakaanza kuiandika "cheque", na Wamarekani wakabaki na tahajia ya zamani. Kwa hiyo ile "que" ambayo watoto wetu huchapwa kwa kuikosea ni pambo la makarani.

Karatasi yenyewe ilikuwapo kabla ya jina. Kuna moja iliyohifadhiwa Uingereza ya tarehe 16 Februari 1659, ya pauni 400, ikielekeza wenye benki wa London wamlipe mtu fulani. Wakati huo walikuwa bado hawajaanza kuiita check.

Hapa kuna hoja ambayo nimeisikia misikitini, vyuoni na katika mabaraza: kwamba cheque ni neno la Kiarabu, sakk, hati ya malipo ya wafanyabiashara wa zama za Waabbasi. Hoja hii haitokani na hewa. Sakk ilikuwapo kweli. Msafiri Ibn Hawqal aliandika katika karne ya 10 kwamba huko Awdaghust, ukingo wa Sahara katika Mauritania ya leo, aliona sakk ya deni la dinari 42,000, kiasi ambacho hakuwahi kuona mfano wake mashariki. Hiyo ni karne saba kabla ya ile karatasi ya London. Kama swali ni nani alitangulia kulipana kwa maandishi, Waarabu wametangulia mbali. Lakini swali la neno ni jingine. Njia ya check inaonekana hatua kwa hatua katika Kiingereza chenyewe, kutoka ubaoni, kwenye zuio, kwenye kishina, kwenye karatasi, na hakuna mahali ambapo sakk inahitajika ili safari ikamilike. Kufanana sauti si udugu, tumekwishamwona kaa. Tena anayetaka kuipa hundi ya Kiingereza asili ya mashariki hahitaji kuhangaika na sakk, maana shah anatosha.

Sisi wenyewe hatukungoja Mwingereza atupe jina la kitu hicho. Hundi ni neno la India. Lilikuja na wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa na nguvu kubwa Zanzibar karne ya 19, wa aina ya nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi ushuru wa forodha wa Sultani kwa miaka mingi. Mtu angeweza kutoa fedha Zanzibar zikapokelewa Bombay au Kutch bila sarafu kupanda jahazi. Benki za Kiingereza zilipofungua milango, karatasi yao ilikuta jina limekwishamngojea.

Siku hizi karatasi yenyewe inakwenda ikififia. Nchini Kenya, tangu Oktoba 2009 hundi haiwezi kuzidi shilingi milioni moja, malipo makubwa zaidi hupitia njia za kielektroniki, na malipo madogo yalikwishachukuliwa na M-Pesa tangu 2007. Uingereza yenyewe ilipanga kuzifuta ifikapo 2018, wazee na vyama vya hisani wakalalamika, mpango ukafutwa 2011. Binamu yangu anayeishi Minnesota bado husema "cheki imeingia" akimaanisha mshahara, ingawa ulioingia ni tarakimu kwenye simu.

Maana ya kukagua, ambayo leo ndiyo maana kuu, ilikuja kwa kuchelewa. Inaonekana katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 17, na ukiifikiria ni mtoto halali wa kuzuia: unalinganisha kitu na kingine ili kuzuia kosa lisipite. Ukaguzi wa barabarani bado una maana zote mbili kwa mpangilio wake wa asili. Askari kwanza anakusimamisha, kisha ndiyo anaangalia leseni.

Mfano ninaoupenda ni wa migodi ya makaa ya mawe Uingereza. Wachimbaji walilipwa kwa uzito, na aliyepima alikuwa mtu wa mwenye mgodi. Unaweza kukisia mizani ilielemea wapi. Sheria ya mwaka 1860 iliwapa wachimbaji haki ya kuweka mtu wao mizanini, wamlipe wenyewe, asimame kando ya mpimaji wa kampuni na kuangalia kila toroli. Aliitwa checkweighman. Mkulima wetu wa pamba au chai aliyewahi kutazama mshale wa mizani ukisitasita anajua thamani ya mtu kama huyo. Migodini huko huko, safari hii Marekani, ndiko ilikoenea "check-off", makato ya chama yanayokatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi. Walimu wa Kenya wanaokopa kwa check-off wanaijua bila kujali ilikotoka. Alama ya vema ni ya karne ya 19. Namba unayopewa unapoacha koti lako mlangoni pia ni check, kwani ni kishina cha mali yako. Na rain check, ambayo Wamarekani hukutolea wanapoukataa mwaliko wako kwa upole, ilikuwa tiketi ya besiboli ya miaka ya 1880: mvua ikivuruga mechi, uje nayo siku nyingine.

Miraba ya nguo nitaipita haraka kwa sababu haina fumbo: ubao wa sataranji una miraba, basi kitambaa chenye miraba kikaitwa kwa jina lake. Wahindi na Wabangali walifika pale pale kwa njia yao. Zulia lao la pamba la Rangpur linaitwa shataranji. Shuka la Kimasai la nyekundu na nyeusi, muuzaji wa Kiingereza ataliita checked. Na bendera nyeusi na nyeupe ya mwisho wa mbio za magari ni chequered. Safari Rally, ambayo kwetu bendera hiyo inaleta kumbukumbu yake moja kwa moja, ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Shah na malkia wakakutana tena, safari hii kwenye tope.

Lugha nyingine zimemtendea shah kwa namna zao. Kijerumani kinasema Schach, Kirusi shakhmaty. Kireno kilichukua jina la mchezo mzima, xadrez, na huko Brazil xadrez ni miraba na pia ni rumande, kwa sababu ya nondo za dirishani. Kifaransa kimekuwa kikali kuliko vyote: échec ni kushindwa. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anayeletewa matokeo yenye échec hana habari kwamba kilichoandikwa pale ni cheo cha kifalme.

Nije kwetu. "Cheki" ya mtaani ina maisha ambayo Kiingereza hakikuyapanga. Cheki mpira ni kuutazama. Cheki yule ni mtazame, mara nyingi kwa mshangao. Nicheki baadaye haina uhusiano na macho kabisa, ni nipigie, nitumie ujumbe, nipitie. Tuchekiane ni kuagana. Vijana wa zamani kidogo walikuwa na chekibob, kijana mtanashati anayejua kwamba anatazamwa. Maana ya "wasiliana nami" ni kazi yetu wenyewe. Mwingereza ukimwambia "check me later" atakutumbulia macho.

Wapo wanaokemea neno hili kuwa ni Kiingereza kibovu kinachoharibu Kiswahili. Baadhi yao ni washairi wazuri, na ukiwaita shaha wanafurahi. Siwezi kuwasaidia. Kama ugeni ni kosa, shaha na cheki wamekosa kosa moja, tofauti yao ni chombo walichopanda na mwaka waliofika. Ninachokubali ni kwamba cheki ni neno legevu. Kwenye maelekezo ya hoteli sikulitumia hata mara moja, kwa sababu mlinzi akiambiwa "acheki mizigo" anaweza kuitazama kwa mbali akarudi kivulini, na akiambiwa "apekue" anajua lazima zipu ifunguke. Lakini katika maongezi huwezi kuliondoa. Jaribu kumwambia rafiki yako "nikague kesho" uone atakavyokupeleka zahanati.

Tena lina hila ya kisarufi ambayo Kiingereza hakina. Kwa kuwa ni kitenzi cha kigeni kinachoishia na "i", hakibadiliki kwenye ukanushi, na hapo kinagongana na kitenzi cha nyumbani, kucheka. "Siku hizi hanicheki" inaweza kuwa malalamiko ya mtu aliyesahauliwa na rafiki, au shukrani ya mtu aliyeacha kufanyiwa mzaha. Maandishi hayatofautishi, sauti haitofautishi, na nimeshaona ujumbe wa simu wa namna hiyo ukihitaji jumbe nyingine tatu za kuufafanua.